Plasta ya simiti imetoka, ndani kuna mawe meupe: niyafanyeje?

Swali: Assalaam alaykum. Nimerithi nyumba ya bibi yangu mzaa mama hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Ni ya ghorofa mbili na wazee wanasema ni ya zamani sana. Kuta za chini zilipigwa plasta ya simiti miaka mingi iliyopita na sasa inabambuka yenyewe. Fundi alipoibandua sehemu tulikuta mawe meupe, mepesi, yenye vitundu vidogo, na chini yake mawe magumu ya kijivu yasiyo na umbo. Kwenye kizingiti cha choo kuna jiwe jeusi, laini, zito mno. Ukutani kunatoka unga mweupe, ukiuonja ni chumvi. Fundi anashauri tuoshe kwa asidi, tupake vanishi, tuache mawe yaonekane kama kwenye nyumba za wageni. Nayapenda hivyo lakini nina wasiwasi. Ni mawe gani haya, na niyatengeneze vipi?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Wasiwasi wako una msingi. Mwambie fundi asubiri. Asidi itakula jiwe lenyewe, na vanishi itaifungia chumvi ndani mpaka uso wa jiwe ubambuke kama ilivyobambuka plasta. Mawe uliyoyakuta hayakujengwa ili yaonekane. Waashi wa Lamu waliyapanga wakijua yatavikwa chokaa, na kazi kubwa iliyo mbele yako ni kuyarudishia chokaa hiyo, si kuyavua zaidi. Lakini kwanza tuhakikishe ni mawe gani.

Maabara huhitaji. Tafuta ndimu, kisu kikuukuu, mizani ya jikoni, rula na maji kidogo. Tumia vipande vilivyokwisha kuanguka vyenyewe. Usikate kipya ukutani.

Anza na lile jeupe. Lifute vumbi, lilete dirishani, utazame vitundu vyake. Vikiwa vimejipanga sawasawa, kimoja ubavuni mwa kingine, kila kimoja na upana wa milimita moja au moja na nusu, hilo ni tumbawe la bahari, lile ambalo wataalamu wa viumbe huliita Porites. Lilikatwa mwambani maji yakiwa yamekupwa, likiwa bado hai. Likiwa bichi hukatika kwa msumeno na huchongeka kama mbao. Likiachwa juani na mvuani miezi kadhaa, chumvi huoshwa na jiwe hukakamaa. Ndiyo maana wahenga walilitengea kazi ya sura: miimo ya milango, matao, kingo za zidaka (vishubaka vya ukutani), mihrabu. Maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, yenye mwaka wa 500 Hijria, sawa na 1107, yamechongwa kwenye tumbawe, na bado yanasomeka. Dalili nyingine ni tatu. Tone la maji hunywewa papo hapo, kisu hutoa unga mweupe bila kutumia nguvu, na kipande kikavu cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10 hakifiki kilo mbili. Mara nyingi kinacheza kwenye kilo moja na robo au moja na nusu.

Lile la kijivu ni jiwe la mwamba: matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, yanayochimbwa nchi kavu. Likivunjwa utaona ndani vipande vya makombe na matumbawe ya kila aina vimeshikamana bila mpango. Kingo zake ni kali, kisu hulikwaruza kwa shida, na ni zito kuliko la kwanza kwa kipimo hichohicho. Hili ndilo nyama ya ukuta wa Lamu. Ukuta wako, ukiupima mlangoni, huenda una unene wa sentimita 50 hivi au zaidi: nyuso mbili za mawe haya, na katikati kokoto na vipande vilivyojazwa kwa chokaa na udongo. Mpaka leo mawe ya namna hii yanachimbwa Maweni, kisiwani Manda. Ukikuta sehemu yenye mawe ya mraba na mistari iliyonyooka ya msumeno wa mashine, hapo pamekarabatiwa siku za karibuni.

Yote mawili, jeupe na la kijivu, yakidondoshewa ndimu yatatoa mapovu, kwa sababu yote ni kalsiamu kaboneti. Ukiliona povu hilo umeshaona pia asidi ya fundi itakavyofanya ukuta mzima.

La choo lijaribu hivyohivyo, lakini likwaruze kwanza upate unga kidogo, kisha tia ndimu juu ya ule unga. Likitoa povu, ni marumaru nyeusi, na lisiguswe na ndimu, siki wala dawa ya kusafishia choo, maana litapoteza mng'ao. Lisipotoa povu, huenda ni jiwe la volkeno au jamii yake. Visiwa vya Lamu ni matumbawe ya kale na mchanga, hakuna jiwe la volkeno linalozaliwa hapo, kwa hiyo lilikuja kwa chombo. Ligeuze utazame upande wa chini kama linatoka kwa urahisi: likiwa na bonde lililolika kwa kusuguliwa, lilikuwa jiwe la kusagia kabla ya kufanywa kizingiti. Kwa vyovyote halihitaji matibabu. Maji, sabuni laini, brashi ya nailoni, basi.

Kisha angalia kilicho katikati ya mawe, maana watu wengi hutazama jiwe wakasahau udongo wake. Chokaa ya zamani huvunjika kwa ukucha au kisu, ina rangi ya maziwa au wekunduwekundu ikiwa imechanganywa na udongo, na ndani yake utaona vidonge vyeupe mfano wa punje za mchele. Vidonge hivyo ni chokaa ambayo haikuchanganyika vizuri, na ndiyo hati kwamba hapo hakuna simiti. Simiti ni ya kijivu, hulia ikigongwa, na hukatika pamoja na jiwe. Kuna mafundi hutia kipande cha chokaa kwenye siki ili ile chokaa iyeyuke wapime mchanga uliobaki. Kwa nyumba za bara ni njia nzuri. Huku kwetu mchanga wenyewe una vipande vya makombe, navyo huyeyuka, kwa hiyo hesabu inatoka ya uongo.

Kwa nini plasta ya simiti imekushinda

Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa uso wake. Siku nzuri unatoka mwingi kuliko unaoingia, na ukuta unakaa mkavu. Plasta ya simiti huziba uso huo. Unyevu ukikosa njia unapanda, ndiyo maana mara nyingi alama ya maji inaonekana juu kidogo ya pale simiti ilipoishia, na fundi anayefuata huongeza simiti mpaka hapo, alama nayo ikapanda tena.

Tena maji hayapandi peke yake, yanabeba chumvi. Yakikauka, chumvi huganda kuwa fuwele, na fuwele zinataka nafasi. Zikiganda juu ya uso, ni unga tu wa kufagia. Zikiganda ndani ya vitundu vya tumbawe, nyuma ya simiti, zinavunja kuta za vitundu hivyo kidogo kidogo. Chumvi ya kawaida huanza kujiyeyusha yenyewe kwa unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, kisha huganda tena hewa ikikauka. Lamu hilo hutokea usiku na mchana, mwaka mzima. Ukibandua simiti ukakuta jiwe limekuwa unga nyuma yake, usilaumu uzee wa nyumba.

Kabla ya tindo

Lamu mjini imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, na nyumba za Mkomani ziko ndani ya eneo hilo. Nenda kwa ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Lamu, ueleze unachotaka kufanya, upate idhini kwa maandishi. Si urasimu mtupu. Pale kuna watu wanaowajua waashi wa chokaa, na hao ndio utakaowahitaji. Ukikuta jiwe lenye maandishi ya Kiarabu, au dalili ya kaburi, usilitoe mahali pake. Lipige picha ukiweka rula kando, ulifunike kwa turubai, uwaite. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale vya kabla ya 1895, hata vikiwa kwenye nyumba yako mwenyewe.

La pili ni maji. Hakuna plasta itakayodumu kama maji yanaendelea kuingia, na hapa ndipo pesa ya kwanza itumike. Panda juu wakati wa mvua utazame milizamu (mifereji ya kutolea maji ya paa) inamwaga wapi; ikimwaga ukutani, irefushe ivuke ukuta. Angalia kiwanda, yaani ua wa nyumba: kikiwa kimesakafiwa kwa simiti hadi ukutani, ng'oa ukanda wa sentimita 30 kuzunguka kuta, ujaze kokoto, ardhi ipumue hapo badala ya ukutani. Kisha choo. Bomba linalovuja taratibu nyuma ya kigae linaweza kulowesha ukuta mita mbili kwenda juu bila mtu kuona tone. Funga mfereji mkuu usiku, soma mita, usome tena alfajiri. Ikiwa imesogea, una uvujaji.

Na maboriti. Ncha za boriti zimelala ndani ya ukuta huohuo wenye unyevu, na ndiko zinakooza kwanza. Choma kila ncha kwa bisibisi. Ikizama zaidi ya sentimita mbili bila nguvu, weka nguzo ya kutegemeza chini ya boriti hiyo kabla hujagonga chochote ukutani. Hili usilipite haraka. Dari ya nyumba hizi ni tabaka zito la mawe na chokaa juu ya maboriti, na mtikisiko wa nyundo umetosha mara nyingi kuangusha boriti iliyokwisha kuoza.

Kubandua

Bandua upande mmoja wa ukuta kwa wakati mmoja. Ukuta wenye tumbo la kokoto hushikiliwa na nyuso zake mbili. Ukizivua zote na viungo vyake vimekwisha kuwa unga, tumbo linaweza kuteremka. Ukitaka kutoa jiwe lililooza, fungua upana usiozidi mita moja, jaza, subiri siku kadhaa chokaa ishike, ndipo usogee.

Gonga kwa mpini wa nyundo usikilize. Pale panapolia kama debe tupu, plasta imekwisha kuachia: ingiza tindo pana kwa mlalo, iinue, itoke kwa vipande. Anzia hapo uende pembeni. Pale isipoachia, jaribu eneo la sentimita 30 kwa 30 kwanza. Ikitoka na uso wa jiwe, acha. Unaweza kuikata miraba kwa mashine ya kukatia, kina kikiwa pungufu ya unene wa plasta yenyewe, kisha uibandue mraba mmoja mmoja. Ikigoma hata hivyo, ibaki. Kipande cha simiti kilichobaki ni hasara ndogo kuliko uso wa tumbawe uliong'oka. Nyundo ya umeme isiingie kabisa kwenye nyumba hii.

Karibu na zidaka na nakshi badilisha vyombo. Hapo mara nyingi utakuta tabaka nyingi za chokaa ya kupaka, zimejaza michoro mpaka imekuwa matuta. Lowesha kidogo kwa sponji, subiri dakika chache, uparue kwa kijiti cha mti mgumu kilichochongwa ncha, sentimita chache kwa wakati. Kazi ya kiganja kimoja huchukua nusu siku, nayo si ya fundi anayelipwa kwa mita.

Chumvi

Unga mweupe usiuoshe kwa maji. Maji yanauyeyusha na kuurudisha ndani. Usafishe mkavu, kwa brashi laini, huku umetandika karatasi ya nailoni chini, na unga huo ukatupwe mbali na nyumba. Brashi ya waya wa chuma iache, inaacha vipande vinavyoota kutu. Mashine ya maji ya kasi na klorini ya kung'arishia nguo nazo ziache. Ya kwanza inachimba jiwe, ya pili inaongeza chumvi.

Kwa ukuta wa kawaida, dawa nzuri kuliko zote ni plasta ya kujitoa mhanga. Changanya chokaa 1 kwa mchanga 4, ipigwe unene wa milimita 10 hadi 15, isilainishwe. Iache kaskazi yote, kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa kuwa ni dhaifu na ina vitundu vingi, maji yanakuja kukaukia humo, na chumvi inaganda ndani yake badala ya ndani ya jiwe. Itaharibika, na hiyo ndiyo kazi yake. Ibandue, itupe, usiisage ukaitumia tena.

Kwenye nakshi na miimo iliyochongwa, tumia karatasi za shashi zisizo na rangi, zilowekwe kwenye maji ya mvua mpaka ziwe uji mzito, zibandikwe unene wa sentimita moja hadi mbili, ziachwe zikauke zenyewe. Kwa hali ya hewa ya Lamu ni wiki mbili au tatu. Rudia mara tatu au zaidi. Ili ujue kama unasonga mbele, nunua kile kipimo kidogo cha chumvi ya maji kinachouzwa kwa wenye mashine za kusafisha maji. Chukua gramu 10 za karatasi iliyokaukia ukutani, loweka kwenye mililita 100 za maji ya mvua kwa saa moja, upime. Namba yenyewe si muhimu. Linganisha ya kwanza na ya pili na ya tatu. Ikiacha kushuka, umefika mwisho wa kinachotoka.

Mawe yaliyooza

Tumbawe lililokuwa unga kwa sentimita moja au mbili halihitaji kutolewa. Futa unga mpaka ufike penye uzima, lowesha, ujaze kwa chokaa na vipande vya jiwe la mwamba vikigongwa humo. Likiwa limeliwa zaidi ya theluthi ya kina chake na linabeba uzito, badilisha. Tumia jiwe la mwamba la Maweni, au tumbawe la zamani kutoka nyumba iliyoanguka, ukiliosha kwanza: liloweke kwenye maji matamu, ubadilishe maji kila siku mbili, mpaka kile kipimo kionyeshe hakuna kinachotoka tena. Mtu akija na tumbawe bichi kutoka baharini, mrudishe. Ni kosa kisheria, na pia limejaa chumvi unayopigana nayo.

Utasikia habari ya maji ya chokaa, yale maji safi yanayokaa juu ya chokaa iliyolowekwa, kwamba yakinyunyizwa hukaza jiwe lililolegea. Yana ukweli mdogo. Lita moja ya maji hayo imebeba chini ya gramu mbili za chokaa, kwa hiyo hata ukinyunyiza mara 30 au 40 unachoongeza ni kiasi kidogo, na njiani umelowesha ukuta uliokuwa ukiukausha. Yatumie kwenye nakshi ndogo inayopukutika, si kwenye ukuta.

Chokaa yenyewe

Ukipata chokaa mbichi iliyochomwa kwa tanuri, chagua madonge mepesi, meupe. Izime kwenye pipa la chuma au shimo lililojengewa: weka maji kwanza, kiasi cha ndoo tatu kwa ndoo moja ya chokaa, kisha utie chokaa kidogo kidogo ukikoroga kwa jembe lenye mpini mrefu. Usimwage maji juu ya chokaa kamwe. Itachemka na kurusha matone ya moto. Miwani ya kazi na glovu ni lazima, na watoto wasiwe karibu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 20 mfululizo kisha hospitali. Ikipoa, ichuje kwa wavu wa milimita tatu na uihifadhi chini ya maji ya sentimita tano hivi, imefunikwa. Miezi mitatu ni kiwango cha chini. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa kama siagi, na ndivyo isivyopasuka ukutani.

Ya mfuko kutoka dukani inafaa ikiwa haijazeeka. Tia kijiko kwenye siki: ikitoa povu jingi, imekwisha kunyonya hewa na kurudi kuwa jiwe, haina nguvu tena. Ikiwa nzuri, iloweke wiki moja iwe rojo kabla ya kuitumia. Maji ya kuzimia na kuchanganyia yawe ya mvua, ya jabia (birika la kujengwa la kuhifadhia maji) kama mtaa wenu unalo, au matamu kabisa. Visima vingi vya pwani vina chumvi ya kutosha kuharibu kazi yote.

Mchanga usiwe wa ufukweni, hata ukiambiwa umeoshwa. Na usiwe wa matuta ya Shela. Matuta hayo yanashikilia maji matamu ya mji mzima, na hata kwa fundi hayana faida, kwa kuwa punje zake ni za mviringo na za saizi moja, hazikamatani. Unataka mchanga mkali wa bara, wenye punje kubwa na ndogo pamoja. Kujua kipimo chake, jaza chombo cha lita moja kwa mchanga mkavu, umimine maji taratibu mpaka yafike usawa wa juu. Kama yameingia mililita 330 hivi, nafasi tupu ni theluthi, na mchanganyiko wako ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Yakiingia 400, ni 1 kwa 2 na nusu. Kila mzigo wa mchanga una kipimo chake, ndiyo maana fundi anayesema moja kwa tatu siku zote hukosea nusu ya siku hizo.

Kwa mita ya kwanza kutoka sakafuni na kwa kuta za choo, ongeza unga wa tofali la kuchoma au kigae cha zamani cha paa, uliosagwa na kuchekechwa kwa chekecheo la unga: chokaa 1, mchanga 2 na nusu, unga wa tofali nusu. Unga huo huifanya chokaa ishike hata penye unyevu, pasipopita hewa ya kutosha. Fundi akitaka kutia "simiti kidogo tu ishike haraka", mkatalie. Hicho kidogo ndicho kinachorudisha tatizo.

Kwa makadirio: ukuta wa mita 4 kwa 3 wenye plasta ya milimita 20 kwa jumla unataka lita 240, na ukiongeza sehemu inayoanguka na inayojaza mashimo, kama lita 290. Hiyo ni ndoo 15 za lita 20 za mchanga na ndoo 5 za rojo la chokaa. Usishangae kwamba ndoo 20 zinatoa kazi ya ndoo 15. Chokaa inaingia katika nafasi za mchanga.

Kupiga

Msimu mzuri ni baada ya masika, Julai hadi Septemba, jua likiwa halijawa kali. Kusi lakini lina upepo, na upepo hukausha chokaa kabla haijashika, kwa hiyo madirisha na milango ifunikwe magunia.

Lowesha ukuta jioni, uloweshe tena asubuhi, mpaka jiwe lisinywe maji kwa pupa lakini lising'ae. Tabaka la kwanza lirushwe kwa mwiko, lisipakwe. Kurusha ndiko kunakosukuma chokaa kwenye vitundu. Tabaka lisizidi milimita 10. Likianza kukaza, likwaruzwe mistari ili la pili lishike, kisha usubiri siku 7 hadi 10, huku ukilinyunyizia maji asubuhi na jioni. Chokaa haikauki ikashika. Inashika kwa kunyonya hewa, na inainyonya ikiwa na unyevu. Ikikauka siku ya kwanza inabaki unga, na utaijua kwa kidole: inapukutika. Nyufa nyembamba zikitokea ndani ya saa chache, sababu ni maji mengi au tabaka nene. Ziminye kwa kibao cha mbao kabla hazijakaza. Baada ya hapo hazizibiki kwa kupaka.

Tabaka la mwisho ni la milimita tatu, chokaa 1 kwa mchanga laini 1 na nusu, lisuguliwe mpaka liwe laini. Juu yake paka chokaa nyembamba kama maziwa, mara nne au tano, kila mara ukuta uwe umenyunyiziwa maji, na kati ya mkono na mkono upite usiku mmoja. Ukipaka nene itang'oka magamba. Rangi ya plastiki kutoka dukani inaziba kama vanishi. Isipakwe popote kwenye kuta hizi.

Sasa, ile hamu yako ya kuyaona mawe. Siikatai yote. Miimo na kingo za zidaka zilizochongwa kwa tumbawe zinaweza kubaki wazi kwa vazi jembamba la chokaa tu, na zitapendeza kuliko ukuta mzima wa mawe yaliyovuliwa. Ukitaka zaidi ya hapo, acha kidirisha kimoja cha sentimita 40 kwa 40 kwenye ukuta wa ndani, juu ya kifua cha mtu, mbali na choo na mbali na ukuta wa nje. Chagua penye tumbawe na jiwe la mwamba pamoja. Ukingo wa plasta kukizunguka uinamishwe kwa pembe, usiachwe wima, la sivyo utavunjika kona. Mawe ya ndani yasipakwe kitu. Yapitishie brashi kavu kila mwezi, na ukiona unga mweupe umerudi ndani ya kidirisha hicho, kagua milizamu na bomba la choo kabla hujamwita fundi wa plasta.